Vifuniko vya Shangazi

Kitu kimoja tu kiliweza kumtoa Shangazi kwenye ustaarabu wake: mtu kuinua kifuniko cha kioo kwa kidole kimoja, kisha kukirudisha huku anaangalia pembeni. Mtu wa namna hiyo, kwa maoni yake, hakulelewa. Kifuniko hushikwa kwa mikono miwili, huinuliwa wima, hulazwa juu ya kitambaa, na wakati wa kukirudisha unakishusha polepole huku unasikiliza. Ndiyo, unasikiliza. Kikilia, hapo si mahali pake.

Alikuwa na haki ya kuwa mkali. Kwa miaka thelathini na mmoja alitengeneza vifuniko katika karakana ya kioo ya kaka yake, na hakutengeneza kitu kingine chochote. Kaka alipuliza mabakuli, yeye akayatengenezea vifuniko. Kaka akapata jina. Watu walitoka mbali kuja kumtazama akipuliza, mashavu yamemvimba, na wakusanyaji wa vyombo vya kioo wakawa wanayagombania mabakuli yake kama watoto wanavyogombania kiti cha dirishani. Shangazi alikaa kona ya nyuma, karibu na ndoo ya mchanga, na wageni wengi hata hawakufika huko.

"Na wewe mama unafanya nini hapa?" mmoja aliyepotea njia ya chooni aliwahi kumuuliza.

"Nafunika aibu za watu," Shangazi alimjibu, na yule mgeni akacheka bila kujua anacheka nini.

Karakana ilifungwa miaka kumi iliyopita, kifua cha Kaka kilipoanza kusumbua. Sasa Kaka ana miaka themanini na Shangazi sabini na minne. Mabakuli tisa yaliyobaki katika familia, yote mekundu, yalikaa kwenye kabati la binti wa Kaka, na mwaka huu jumba la sanaa likatangaza maonyesho makubwa ya kumuenzi mzee. Shangazi aliposikia alikwenda kununua viatu vipya. Hakuna aliyemwalika kwa jina, na hilo hakulijali sana. Alitaka tu kuviona vifuniko vyake, mara moja kabla hajafa, vimekaa juu ya mabakuli yake, taa zinaviangaza, watu wanapita na kuvitazama. Hilo tu. Wala si jambo kubwa la kumwomba Mungu.

Alhamisi asubuhi alikuwa anapiga pasi mashuka wakati binti wa kaka yake alipoingia hodi mdomoni. Alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti ya kuimba hata anapoleta habari mbaya.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona mbio? Watoto wa watu umemwachia nani?"

"Nimeomba ruhusa." Akakaa, akasimama, akakaa tena. "Shangazi, usikasirike."

"Ukianza hivyo nimeshakasirika. Sema."

"Yule msimamizi wa maonyesho ameniandikia. Anasema mabakuli yataonyeshwa bila vifuniko."

Pasi ikabaki hewani.

"Hebu soma. Neno kwa neno, usinipunguzie."

Binti akatoa simu, akasoma kwa ile sauti yake ya darasani: "'Baada ya kuvichunguza, tumeona kwamba vifuniko vyote tisa vina rangi tofauti na mabakuli. Mabakuli ni ya rangi ya damu ya mzee, vifuniko vimefifia, vingine vinakaribia rangi ya waridi. Tena havikai vizuri, vinacheza na kulia. Ni wazi kwamba vililetwa baadaye kuziba pengo la vifuniko vya asili vilivyovunjika. Kwa hiyo vitabaki ghalani.'"

Kuziba pengo! Shangazi aliketi palepale, juu ya mashuka aliyokwisha kuyanyoosha. Iliuma. Kuambiwa kazi yako ni mbaya, hilo mtu hulimeza na maji. Kuambiwa kwamba hukuwepo kabisa, hilo linakwama kooni.

Lakini baada ya dakika moja hivi, kichwa chake cha kifundi kikaanza kufanya kazi.

"Ya rangi nayaelewa," alisema. "Huyo si wa kwanza. Lakini vinalia? Vifuniko vyangu vilie? Tangu lini?"

"Na mimi nimeshangaa, shangazi, maana nilivipanga vizuri mno."

Shangazi akageuza shingo taratibu. "Ulivipanga."

"Si wakati ule nilipohama nyumba? Nikatoa vyombo vyote kabatini, nikaona kila bakuli limevaa kifuniko kisichofanana nalo. Bakuli limekoza, kifuniko kimefifia. Bakuli la rangi hafifu, kifuniko kimekoza kidogo. Nikasema aa, hapa baba alichanganya. Nikakaa Jumapili nzima nikavipanga upya, kila kifuniko na bakuli linalokikaribia rangi, kama tunavyowafundisha watoto na vile vibao." Akatabasamu kwa fahari. "Vilipendeza!"

Shangazi alifungua mdomo kumgombeza, kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu," alisema alipopata pumzi, "umewavua watu viatu vyao, ukawavalisha vya majirani kwa sababu vimefanana na suruali. Chomoa pasi. Twende huko."

Ukumbi wa jumba la sanaa ulikuwa unanuka rangi mbichi. Mafundi wawili walikuwa juu ya ngazi wanabishana kuhusu taa, huyu anasema ipinde kushoto, yule anasema huko ni kumulika ukuta. Katikati palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheusi, na juu yake mabakuli tisa yamekaa wazi, kama watu waliotoka kuoga wakakuta nguo zao zimechukuliwa. Vifuniko vilikuwa ndani ya boksi la karatasi, sakafuni, karibu na mlango. Mtu alikuwa ameweka chupa yake ya maji juu ya lile boksi. Shangazi aliitoa ile chupa akaiweka chini, kwa adabu ambayo binti aliijua kuwa ni ya hatari.

Kaka naye alikuwepo. Alikaa kwenye benchi lenye mto, amefunga tai, anapigwa picha.

"We mtoto, umekuja?" alimwita dada yake. Miaka sabini na minne, na bado ni mtoto. "Ufunguzi ni Jumamosi."

"Shikamoo, Kaka. Nimekuja kuviona vilivyowekwa mlangoni."

Kaka akajitia hamnazo. Akamgeukia mpiga picha akainua kidevu. Kumbe alijua! Shangazi alikuwa amejiambia njiani kwamba pengo na ghala ni mambo ya wageni, kwamba Kaka hana habari. Sasa hata hilo likamponyoka.

Msimamizi wa maonyesho akaja mbio bila kufanya kelele. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye miwani na glovu nyeupe mikononi, na kabla hajafungua mdomo Shangazi alikuwa ameshampa jina la Bwana Glovu.

"Shikamoo, mama. Samahani, hatujafungua kwa—"

"Marahaba, baba. Mimi si mtazamaji. Nipe beseni la maji, sabuni, na dakika kumi na tano. Nikishindwa nitaondoka na boksi langu, wala hutaniona tena."

Bwana Glovu alimtazama mwalimu, mwalimu akaitikia kwa kichwa, na Kaka akatazama viatu vyake. Maji yakaletwa. Shangazi alinawa kama daktari, mpaka kwenye viwiko, akajifuta.

"Mama, tafadhali, glovu. Alama za vidole..."

"Alama za vidole vyangu zimo humo tangu kabla mama yako hajachumbiwa. Tulia."

Akatoa kifuniko cha kwanza, cha rangi ya waridi, kilichofifia kuliko vyote. Akafumba macho, akapitisha dole gumba kwenye ukingo wake wa chini, mzunguko mzima. Halafu akaenda mezani, akagusa mdomo wa bakuli moja, akaliacha, akagusa la pili, akaliacha. Kwenye la nne alisimama. Lilikuwa bakuli lililokoza kuliko yote, karibu jeusi. Binti alikunja uso, maana mwalimu wa chekechea hawezi kuvumilia jambo kama hilo. Shangazi akakishusha kifuniko polepole, akakizungusha robo, akasikiliza, akakizungusha kidogo tena.

Kikakaa. Hakikulia. Hakikucheza. Alikisukuma kwa kidole na bakuli zima likasogea nacho.

"Loo," alisema fundi mmoja juu ya ngazi.

"Kila kimoja nilikisagia juu ya bakuli lake," Shangazi alieleza akifuata cha pili. "Mchanga laini na maji, siku mbili unazungusha, mpaka midomo miwili izoeane. Kwa hiyo hakiwezi kukaa kwingine. Rangi haina habari na hilo."

Cha pili kikakaa. Cha tatu, cha nne. Wale mafundi waliacha ugomvi wa taa wakashuka ngazi. Cha tano kilimsumbua kidogo, akakipa bakuli la pembeni kabisa mwa meza, kikatulia. Cha sita, cha saba. Cha nane kilipoteleza mahali pake mmoja wa mafundi alipiga makofi, akatazamwa na Bwana Glovu, akaacha.

Kilibaki kifuniko kimoja na bakuli moja. Hapo hata mtoto wa chekechea angejua la kufanya. Shangazi akakishusha.

Kikalia.

Akakizungusha robo. Kikalia. Nusu. Kikalia zaidi. Bwana Glovu akakohoa kwa upole, kikohozi cha kumsaidia mtu aondoke bila aibu. Shangazi alivitazama vidole vyake. Je, huenda vidole vimezeeka? Je, huenda kweli kimoja kilivunjika, kikaletwa kingine, na yeye amesahau?

"Cha tano," sauti ilisema nyuma yake. Alikuwa Kaka, bado amekaa kwenye benchi, macho kwenye viatu. "Cha tano ulikisukuma. Ulikuwa na haraka."

Shangazi alirudi kwenye lile bakuli la pembeni, akakiinua kifuniko cha tano, akakishusha tena na kusikiliza vizuri zaidi. Kweli, kulikuwa na mlio mdogo sana, kama jino linalogusa kikombe. Akavibadilisha vile viwili. Vyote viwili vikakaa kimya.

Bwana Glovu alivua glovu ya mkono wa kulia. Akainua kifuniko kimoja, kwa mikono miwili, Mungu ambariki, akakishusha. Akarudia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa mlango asioujua katika nyumba anayoishi miaka yote.

"Lakini rangi, mama. Kwa nini rangi?"

"Kioo hiki kikitoka kwenye chungu cha kuyeyushia hakina rangi, kama maji. Wekundu unatoka ukikirudisha motoni. Bakuli ni nene, linarudi mara saba, mara nane, linaiva mpaka damu ya mzee. Kifuniko ni chembamba, mara mbili basi. Ukikirudisha ya tatu, kinalegea, ukingo unapinda, hakifuniki tena kitu. Sasa uchague: kifanane, au kifunike. Mimi nilichagua kifunike."

"Kwa hiyo vimetoka chungu kimoja?"

"Chungu kimoja, siku moja. Ajabu iko wapi? Mtazame yule pale," akamnyooshea Kaka kidole, "mweusi tii. Mimi maji ya kunde. Tumbo moja hilo."

Mafundi wakacheka, na Bwana Glovu mwenyewe akacheka, akavua na ile glovu ya pili.

"Basi vitaonyeshwa," alisema. "Vyote tisa. Nimekosea, mama, nakiri. Imebaki karatasi moja tu." Akaenda mezani kwake, akarudi na fomu, akampelekea Kaka pamoja na kalamu. "Mzee, tia saini hapa. Inasema kwamba kila chombo, bakuli pamoja na kifuniko chake, ni kazi ya mkono wako. Maonyesho yanaitwa 'Mkono Mmoja', kwa hiyo lazima."

Binti alimtazama shangazi yake, na Shangazi akaitazama ile kalamu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo watu wanavyosema. Lakini yeye alikuja kwa ajili ya vifuniko, na vifuniko hivyo hapo, vimekaa. Vikiwa na jina la mwingine juu yake, bado watu wataviona.

"Tia saini, Kaka," alisema. "Vikae. Mengine si kitu."

Kaka aliishika kalamu muda mrefu.

"Sitii," alisema.

"Baba!" binti akasema.

"Nianze uongo wa kuandika nikiwa na miaka themanini? Mimi sijatengeneza kifuniko hata kimoja maishani mwangu. Nilijaribu siku moja. Kikawa—"

"Kikatumbukia ndani ya bakuli," alisema Shangazi.

"Kikatumbukia ndani ya bakuli. Hivi vyote tisa ni vyake. Mkono wake. Na vingine mia ngapi huko duniani."

Bwana Glovu alikuwa anajifuta miwani kwa wasiwasi. "Mzee, nakuelewa, lakini kanuni zinanibana. Mabango yametundikwa. Kama si mkono wako, sina budi kuvirudisha mlangoni."

"Virudishe," alisema Kaka. "Na mabakuli yangu yarudi navyo. Binti, lete magazeti, tuanze kufunga."

Akasimama. Alichukua muda kusimama, mpaka fundi mmoja akamshika kiwiko, lakini aliposimama alikwenda moja kwa moja mezani, akakumbatia bakuli la kwanza pamoja na kifuniko chake. Bwana Glovu akamtazama mzee, akaitazama meza, akahesabu siku zilizobaki, akatoa simu.

"Kiwanda cha uchapaji? Ndiyo, ni mimi tena. Samahani sana. Mabango yote... Ndiyo, yote. Andika 'Mikono Miwili'. Na majina mawili." Akaziba simu kwa kiganja. "Wanauliza, jina la nani litangulie?"

"Baba," Shangazi alimwambia Bwana Glovu, "kifuniko hukaa wapi?"

"Juu."

"Basi umeshajibiwa."

Mafundi wakavunjika mbavu. Kaka naye alicheka, akalirudisha bakuli mezani kwa mikono miwili, akarudi kwenye benchi lake. Shangazi alimfuata, akaketi kando yake. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka masikioni, lakini kulikuwa na neno moja lililomkwama, na hakuwa mtu wa kulala na neno.

"Unajua kusikia mlio wa cha tano umbali wote huo," alisema. "Ina maana ulikuwa unasikia siku zote. Ulijua kazi yangu ni nini. Miaka thelathini na mmoja, Kaka. Mbona hukumwambia mtu hata mmoja?"

Kaka alilegeza tai. Alijibu chini chini, bila ile sauti ya kupigiwa picha.

"Niliogopa. Kila karakana ilikuwa inatafuta mtu wa vifuniko, hakuna aliyekuwa naye. Wangesikia, wangekuja kukuchukua. Ungefungua kwako. Na mimi ningebaki pale napuliza mabakuli wazi, peke yangu, sina hata wa kugombana naye."

Shangazi akamgeukia. Miaka yote aliamini kwamba Kaka hakuiona kazi yake. Kumbe aliiona sana, akaificha kama mtu anavyoficha kitu asichotaka kuibiwa. Alitaka kumpiga, na alitaka kulia, na hakujua aanze na lipi.

"Mjinga mkubwa wewe," alisema.

"Najua."

"Ungeniuliza. Mdomo si unao?"

"Sasa nakuuliza. Ungekwenda?"

Shangazi alifikiri kwa uaminifu, kwa sababu swali lilikuwa la kweli.

"Ningekwenda," alisema. "Mwezi mmoja. Nione unavyohangaika. Halafu ningerudi."

Kaka akaangua kicheko, kicheko kikageuka kikohozi, na Shangazi akampigapiga mgongoni mpaka kikatulia. Mkono wake akauacha palepale.